Marehemu Mwenye Cheti Hai

Barua iliyomwambia Bi Nyaya kwamba cheti chake kimekufa ilianza na maneno "Tunayo furaha kukujulisha." Aliisoma amesimama, chai inapoa, katika chumba cha chini kabisa cha hospitali, ambako idara ya kompyuta ilikuwa imewekwa ubavuni mwa mashine za kufulia mashuka kwa hoja kwamba zote mbili zinapiga kelele na hazina wagonjwa.

Waliokuwa na furaha ni wenye vyeti, watu wa ng'ambo ambao hakuna aliyewahi kuwaona sura. Zamani walikuwa wakitoa cheti cha maisha: ukifaulu mtihani wao wa mitandao, umefaulu mpaka kaburini. Sasa wamefikiri upya. Cheti kitaishi miaka mitatu, kisha kihuishwe kwa pointi arobaini, pointi moja kwa kila saa ya masomo ya mtandaoni. Asiyetaka masomo arudie mtihani, nao hufanyika mara nne kwa mwaka. Na ili mtu asiseme wanapendelea wakongwe, hesabu inaanza siku cheti kilipotolewa. Cha Bi Nyaya kilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa hesabu hiyo kilikuwa kimefariki miaka kumi na sita iliyopita, na hakuna aliyekwenda msibani.

Jina la Bi Nyaya alipewa na manesi, kwa kuwa huzunguka na waya shingoni kama daktari na kile kifaa chake cha kusikilizia mapigo. Alianza kazi hapo akipokea simu mapokezini. Alipochoka kuwaambia watu "samahani, mtandao uko chini," alishuka ngazi kwenda kumtafuta huyo mtandao huko chini aliko, na hakupanda tena. Alijifunza, akafanya mtihani, akafaulu. Siku cheti kilipofika alikitia kwenye fremu akakitundika juu ya birika la umeme, na mvuke wa chai ya miaka yote hiyo ulikuwa umekipa rangi ya heshima.

Jioni ile alimsimulia mama yake, ambaye alikuwa akichambua mchele sebuleni, miwani puani.

"Kimeisha muda?" mama akauliza. "Kwani ni maziwa?"

"Wamebadilisha kanuni, mama."

"Mimi cheti changu cha ndoa kiko kabatini, na mwenye ndoa ana miaka kumi udongoni. Mbona hakuna aliyeniandikia barua?"

Bi Nyaya alicheka, kisha akanyamaza ghafla, maana neno udongoni lilikuwa limempeleka asikotaka kwenda.

*

Jumatatu aliitwa juu kwa Mkuu wa Utawala. Huyu ni bwana aliyekuwa na desturi ya kuliita kila tatizo changamoto, na kila changamoto yako.

"Kaa, mama. Tuna changamoto yako ndogo."

Changamoto ilikuwa hii. Wakaguzi wa hospitali, baada ya kusikia kanuni zimebadilika, nao hawakutaka kuachwa nyuma. Kufikia Ijumaa saa kumi jioni walitaka jina la mwangalizi wa mtandao mwenye cheti hai. Likikosekana, mtandao unakabidhiwa kampuni ya nje, na Bi Nyaya atapanda masjala kupanga mafaili ya wagonjwa kwa herufi, kazi ambayo mtu aliyesoma hadi mwisho wa alfabeti anaiweza.

"Nimekutafuta kwenye tovuti yao," Mkuu akasema, akaigeuza kompyuta yake. "Angalia. Nyekundu. Muda umekwisha. Ila nimepata mmoja wa kwetu ana kijani."

Bi Nyaya hakuhitaji kusoma. Alilijua jina kabla kidole cha Mkuu hakijatua.

"Huyu alifariki, mkuu."

"Najua alifariki. Hotuba nilitoa mimi."

"Ulisema alikuwa daktari wa meno."

"Niliandikiwa. Sikiliza. Yeye amefariki, cheti chake hakijafariki. Pointi mia mbili na kumi na sita. Hospitali nzima hakuna mtu ana pointi hizo. Na wamempa beji, tazama: Mwanafunzi Asiyechoka."

"Na atachokea wapi, mkuu?"

Mkuu hakucheka. Alimsogezea fomu. "Mimi sikwambii udanganye. Nakwambia uandike namba ya cheti. Fomu haiulizi kama mwenye namba anapumua. Mwaka huu tunapita, mwakani tunaona. Wahenga wamesema kufa kufaana."

Wahenga wana bahati moja: hawaitwi kamwe kutoa ushahidi. Bi Nyaya aliichukua fomu akashuka nayo ngazi, na kila ngazi aliyoshuka ilikuwa baridi kuliko ya juu yake.

*

Marehemu walimwita Profesa. Hakuwa profesa wa kitu. Alikuwa fundi kama Bi Nyaya, ila alipenda vyeti kama wengine wanavyopenda mpira. Kwa miaka kumi na miwili walikaa meza moja, wakagawana birika moja na lawama moja, mpaka wakaitana kaka na dada, na mke wake akawa wifi. Manesi walicheka: hospitali nzima inalia waifai haishiki, na huyu ana wifi anayeshika kila mahali.

Masomo ya mtandaoni yalikuwepo hata enzi za cheti cha maisha, kwa wapenda pointi na beji, nayo yalikuwa na ugonjwa wake. Kila baada ya dakika kumi dirisha dogo lilijitokeza kwenye kioo likauliza: Je, bado upo? Usipobonyeza Nipo ndani ya dakika moja, somo linajifunga na pointi zinapotea. Mwalimu mwenyewe ni sauti iliyorekodiwa na hajui kama yupo, lakini wewe lazima ujulikane. Sasa, hospitali haisubiri mtu asome. Somo likianza tu, maabara wanaita, famasia wanaita, wodi ya wazazi printa imemeza karatasi. Ndipo ikazuka desturi ya kuitikiana: mmoja anabaki chini na kuwabonyezea wote, wengine wanakwenda kazini. Profesa, ambaye hakupenda kubaki wala kupoteza pointi, akaandika kaprogramu kadogo kanakobonyeza Nipo kenyewe. Kalifungua somo, kakaitikia, kakajibu na maswali ya mwisho kwa kubahatisha, maana ukikosa unarudia mpaka upate. Wakakaita Mwitikiaji. Ilikuwa kazi safi. Bi Nyaya mwenyewe alimpigia makofi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, miaka minne nyuma. Saa nne asubuhi Profesa aliingia chumba cha seva, kile cha ndani chenye kiyoyozi na mlango mzito, akasema anakwenda kusoma. Bi Nyaya alibaki chumba cha nje. Katika orodha ya wafanyakazi kwenye kioo chake, kitone kilichokuwa pembeni ya jina la Profesa kilikuwa kijani: yupo, anafanya kazi. Saa tano maabara walipiga simu kwamba printa imegoma, na nesi mmoja akaja kuuliza mbona fundi haendi. Bi Nyaya alimwandikia Profesa ujumbe. Hakujibiwa. Akaangalia kitone: kijani. Akamwandikia wa pili, kwa hasira kidogo, kisha akamgeukia nesi akasema, "Yule akishika kitabu hata nyumba iungue hatoki."

Wakacheka wote wawili. Akaenda maabara mwenyewe.

Saa saba na nusu alifungua mlango mzito kumwambia wakale. Profesa alikuwa kwenye kiti, kidevu kifuani, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa shatini mwake. Mbele yake dirisha lilijitokeza likauliza kama bado yupo. Mshale ukatembea wenyewe polepole, ukabonyeza.

Daktari aliyeshushwa chini alimgusa, akamkunja mkono, akaangalia saa. Moyo, alisema. Kama saa nne na nusu hivi. Bi Nyaya alimshika koti akamwomba jambo moja: mkewe asiambiwe. Aambiwe ilikuwa ghafla, na walimwona palepale. Daktari alikuwa na wagonjwa kumi na saba wanaosubiri. Aliandika saa ya kukutwa, akapanda juu.

Kwa hiyo saa tatu nzima mtu alikuwa amekaa mbali naye kwa ukuta mmoja, maiti, na mtandao unaapa kwamba yupo. Na mtu wa mtandao akauamini.

Baada ya mazishi kila mtu alidhani mwingine ameizima ile kompyuta. Bi Nyaya alijua haijazimwa. Angeizima lini? Kuizima kulitaka aketi mbele yake, aone ule ujumbe wa pili ukiwa haujasomwa. Akafunga mlango, akaingia humo pale tu mashine nyingine zilipomlazimu, mgongo ukiwa upande wa kiti. Somo jipya likitolewa, Mwitikiaji analifungua. Kitone kinawaka. Wafanyakazi wapya, ambao hawakumjua Profesa, walimwandikia kuomba nywila, na asipowajibu wakamsema. Kuna karani aliyeandika malalamiko rasmi kwamba fundi huyo anaonekana yupo siku nzima na ana maringo. Barua ilipita kwa Mkuu wa Utawala, akaipiga mhuri, akaandika: Aonywe.

Bi Nyaya hakukusanya pointi hata moja tangu siku ile. Watu walidhani ni kiburi cha mwenye cheti cha maisha. Naye aliwaacha wadhani; kiburi hakimtii mtu aibu kama hofu.

*

Lakini masjala nayo ni masjala. Jumanne asubuhi aliiweka fomu ya Mkuu chini ya birika, akafungua somo la kwanza. Saa arobaini ndani ya siku nne zilikuwa wazimu, ila aliwahi kukesha na mtandao uliovunjika siku tatu, na wazimu aliujua.

Somo lilihusu nywila. Sauti ilieleza kwa utulivu kwamba nywila nzuri haipaswi kuwa jina la mtoto wako. Dakika kumi zikaisha.

Je, bado upo?

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hakikushuka. Kwenye kona ya kioo aliona kitu ambacho hakuwa amekiona mwanzo, mstari mdogo wa maandishi: Washiriki wawili. Akaubonyeza. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili alikuwa Profesa. Kanuni mpya ziliwalazimu wanachama wote kuanza na somo lilelile, na Profesa hakuwahi kuvunja kanuni.

Aliposhtuka, kioo kilikuwa kimemwandikia: Mshiriki mmoja ameondolewa kwa kutokuwepo. Mshiriki aliyebaki anaendelea.

Alijaribu tena saa nne. Alijaribu saa sita. Mara moja alifunga macho akabonyeza, na aliposikia ile sauti ndogo ya kukubaliwa, akasikia na ya pili, nyuma ya mlango mzito, sekunde ileile, kama mtu anayeitikia jina lake darasani. Akanyanyuka akaenda kusimama katikati ya mashine za mashuka, mahali penye joto na wanawake wanaosengenya.

"Bi Nyaya umeona jini?" mmoja wa wafuaji akamuuliza.

"Jini angekuwa nafuu. Jini hana pointi."

Jumatano alipata pointi moja. Alhamisi alipata mbili, na jioni aliitoa ile fomu chini ya birika, akaiweka mezani, akafungua kalamu. Namba ya cheti cha Profesa ilikuwa na tarakimu tisa. Aliandika tatu za mwanzo. Zilionekana kama tarakimu nyingine yoyote. Akajiambia ataandika zilizobaki asubuhi, akaenda nyumbani, na mama yake akamuuliza mara mbili kama chakula kina kasoro.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi wifi alishuka ngazi. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mwenye vidole vyeupe kwa chaki, na hakuwahi kufika chumba kile tangu msiba. Alisalimia, akaketi bila kukaribishwa, akatoa simu mbili mkobani: yake, na ya marehemu, ambayo alikuwa akiichaji miaka yote kwa sababu ambazo hakumweleza mtu.

"Wifi, kaka yako anaitwa," akasema. "Anatakiwa aonekane uso kwenye kamera kabla ya saa kumi leo. Sasa niambie, nimpeleke na gari gani?"

Bi Nyaya aliisoma ile meseji. Mpendwa mwanachama. Kwa mujibu wa kanuni mpya, kila mwenye cheti athibitishe kwamba ni yeye. Tunakupongeza kwa kusoma miaka mingi mfululizo. Chini yake walikuwa wameambatisha orodha ya masomo yote, kila moja na tarehe yake na saa lilipomalizika.

"Nilidhani ni matapeli," wifi akaendelea. "Nikasema matapeli wa siku hizi wamekosa watu hai. Halafu nikaisoma ile orodha. Soma mstari wa ile tarehe, wifi. Unaijua tarehe."

Aliijua. Mbele yake palikuwa pameandikwa: Amemaliza, saa sita na dakika kumi mchana. Hongera.

"Mliniambia mlimkuta saa saba na nusu, roho ndio kwanza imetoka. Hapa wanasema saa sita alikuwa anamaliza somo. Kwa hiyo mpaka saa sita alikuwa mzima, sivyo?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa jepesi kuliko swali. Ndiyo, wifi. Maneno mawili. Orodha yenyewe imeshatoa ushahidi, ina hadi saa na dakika. Angesema ndiyo, wifi angeondoka, tarakimu sita zingeandikwa, Mkuu angefurahi, na marehemu angeendelea kusoma. Juu ya meza ile fomu ilikuwa wazi na kalamu imelala juu yake.

"Hapana," Bi Nyaya akasema.

Kisha akasema yote. Alisema bila mpangilio, akaanza na daktari, akarudi kwa printa, akaeleza Mwitikiaji ni nini kwa mtu asiyejua kompyuta, na akaeleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza chochote. Alisema nilimwandikia mara mbili. Alisema niliona kijani. Alisema na nikatania, wifi, nilisema neno, nesi akacheka. Alisema saa nne na nusu, na mimi ndiye niliyeomba usiambiwe.

Wifi alikuwa akikwangua chaki kwenye ukucha.

"Saa nne na nusu," akasema. "Una hakika? Haikuwa tano na nusu?"

"Nina hakika."

"Usiniambie hakika kwa huruma."

"Daktari alimkunja mkono nikiona. Ilikuwa nne na nusu."

Wifi aliinua uso. "Mimi nilimpigia saa tano na robo. Mara mbili. Asubuhi tulikuwa tumegombana, mguu wa meza yangu ya cherehani. Miezi miwili namwomba aukaze. Nikamwambia, ungekuwa na mke ndani ya kompyuta ungemkazia hata nywele. Akatoka hajaniaga. Basi nikampigia nimwambie yaishe. Hapokei. Nikaangalia kwenye meseji, zile anazozifungulia kwenye kompyuta ya kazini, naona yuko hewani. Yuko hewani, wifi, na hapokei. Nikamwandikia, sawa, nuna." Akafunika simu ya marehemu kwa kiganja. "Ndilo neno langu la mwisho kwake. Miaka minne najua mume wangu alikufa ameninunia."

Mashine za mashuka zilikuwa zimesimama, pengine kwa kubadilisha maji, na chumba kikawa kimya kuliko kilivyozoea.

"Kumbe alikuwa amekufa tu," wifi akasema, akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko ambacho ungemwombea mtu. Kilimtoka kwa vipande, kama mashine ya kushonea iliyokamata uzi, na Bi Nyaya hakujua amshike au amwache, akamwacha.

Alipomaliza alijifuta na ncha ya mtandio, na sura yake ikabadilika.

"Na wewe uliona kijani ukakaa."

"Nilikaa."

"Ungeingia angepona?"

"Daktari alisema—"

"Daktari simjui. Nakuuliza wewe."

"Sijui, wifi."

"Haya," wifi akasema. "Twende nikaione hiyo kompyuta inayomjibia mume wangu."

*

Kumfuta mwanachama wa wenye vyeti kulikuwa kugumu kuliko kumzika. Bi Nyaya alisimama, wifi akakaa kwenye kiti. Hakuuliza kama ndicho chenyewe. Fomu ya kujiondoa, kwenye kioo, ilitaka sababu ya kuondoka na ikatoa tatu za kuchagua: Nimebadili kazi. Nimestaafu. Sijaridhika na huduma. Kifo hakikuwemo, wenye vyeti hawakuwahi kukifikiria kama sababu ya mtu kuacha kusoma.

"Hajaridhika na huduma," wifi akasema, akabonyeza mwenyewe.

Kioo kikaandika: Tunasikitika kukupoteza. Je, ungependa kupumzika kwa muda badala ya kuondoka?

"Hawa watu," wifi akasema.

Palikuwa na kisanduku cha maelezo ya ziada. Bi Nyaya alikaa muda mrefu na kisanduku kile. Angekiacha kitupu, akaunti ingefungwa kimyakimya na mambo yangeishia hapo. Akaandika sentensi nne: kwamba mwanachama huyu alifariki tarehe fulani saa nne na nusu asubuhi; kwamba masomo yote tangu saa hiyo yalisomwa na programu; kwamba yeye anayeandika alijua; na namba yake mwenyewe ya cheti. Akatuma.

Dirisha la mwisho lilipofungwa, nyuma yake palibaki ule ujumbe wa zamani, wa Alhamisi ya miaka minne nyuma, bado na alama ya kutosomwa. Wifi alivaa miwani yake akausoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma vipimo vya nguo: "Haya soma baba, soma, wengine tuko hapa kufanya kazi."

Akavua miwani. Bi Nyaya aliinama chini ya meza akachomoa waya ukutani, na baada ya pumzi mbili feni ya ile kompyuta ikasimama. Alikuwa amesahau kwamba ina feni. Miaka yote alidhani ni sauti ya chumba.

Jibu la wenye vyeti lilifika kabla ya saa nane. Tunayo furaha, walianza. Walimshukuru kwa uaminifu wake. Kwa kuwa taarifa yake imeonyesha udanganyifu katika jengo hilo, wanachama wote wa jengo wamesimamishwa siku tisini, pointi zao zimefutwa, zikiwemo tatu za Bi Nyaya, na anayetaka kuhuisha baada ya hapo atafanya mtihani.

Saa tisa alipanda kwa Mkuu wa Utawala na fomu mpya. Penye nafasi ya mwangalizi wa mtandao mwenye cheti hai alikuwa ameandika: Hakuna.

Mkuu aliisoma mara mbili, ingawa lilikuwa neno moja.

"Mama, umeiua idara."

"Imekufa siku nyingi, mkuu. Mimi nimezika."

"Jumatatu utaripoti masjala."

"Nitaripoti."

"Na hiyo kampuni ikija ikiuliza waya upi unakwenda wapi?"

"Wana vyeti," Bi Nyaya akasema. "Watajua."

*

Wifi alikuwa bado anamngoja, kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katikati ya mama mwenye mtoto anayekohoa na mzee aliyelala. Waliongozana mpaka getini. Bi Nyaya alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, na kila alipoyapima yalikuwa mafupi au marefu. Alikuwa amejiandikisha kwa mtihani wa baada ya miezi mitatu. Alitaka kumwambia na hilo, akaona halina maana kwa mtu wa cherehani.

Getini wifi alisimama, mkoba kifuani.

"Kuna kitu nimekuwa nikitaka kuuliza siku zote, nikaona ni upuuzi."

"Uliza."

"Siku ile nilipofika, viatu vyake vilikuwa chini ya meza. Vimepangwa, cha kulia na cha kushoto, soksi ndani. Nimekaa na yule bwana miaka ishirini na miwili, sijawahi kuona akipanga kiatu. Anavirusha, kimoja sebuleni, kimoja Mungu ajuaye. Nikawa najiuliza. Alijua anakwenda? Alijiandaa?"

Bi Nyaya aliangalia barabara. Lingekuwa jambo zuri sana kumwachia mjane: mume aliyejua, akatulia, akavua viatu kwa adabu kama anayeingia kwa watu.

"Ni mimi niliyevipanga," akasema. "Tulipokuwa tunasubiri machela. Sikujua mikono niipeleke wapi."

Wifi akatikisa kichwa polepole.

"Ningeshangaa," akasema, akavuka barabara.